Matairi Mawili ya Nyuma

Mdogo wangu alipiga simu Jumapili moja mchana, baba na mimi tukiwa ukumbini nyumbani kwetu Chumbageni tunakula mhogo wa nazi. Alinisalimu haraka haraka, akauliza hali ya nyumbani, kisha akasema neno ambalo sikuwa nimelisikia kinywani mwake kwa miaka.

"Dada, nipe baba."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Nikupe nani?"

"Baba. Nataka kumwuliza habari ya matairi."

Alikuwa akiishi Sweden, katika mji mdogo wa kaskazini, akifanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Mama alipofariki hakuja kumzika. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa zimekwama ofisini, na angetoka asingeruhusiwa kurudi. Mimi nilimwelewa. Baba hakumwelewa. Alisema mtoto wa kiume anayeacha mama yake ashushwe kaburini na watu baki, huyo si wa kungojewa tena. Tangu hapo wakawa wanasalimiana kupitia kwangu. Mwambie baba shikamoo. Mwambie marahaba. Nilizibeba salamu hizo huku na huko mpaka nikazizoea, kama mtu anavyozoea maumivu ya goti.

Nikamnyooshea baba ile simu. Aliitazama kwanza. Akanawa mkono, akaufuta kwenye shuka yake, akaipokea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, baba. Huku theluji inakaribia. Matairi niliyo nayo ni ya kiangazi, hayafai. Nataka unishauri nichukue yapi."

"Theluji mimi sijaiona."

"Najua. Lakini wenyewe wanasema inateleza kama tope."

Baba alikaa vizuri kwenye kiti. "Tope la namna gani? Lile la juu juu, au lile zito la chini?"

Nikajua kwamba wamepatana.

Baba alikuwa dereva. Sehemu kubwa ya maisha yake aliendesha malori ya chai kutoka Amani kushuka Muheza, na kupanda tena na magunia ya mbolea, kwenye ile barabara ya udongo mwekundu inayopinda msituni, masika na kiangazi. Sisi tulipokuwa wadogo alirudi nyumbani na tope mpaka kwenye nyusi, na mama alimpokea na ndoo ya maji uani kabla hajamruhusu kuingia ndani. Alikuwa amestaafu siku nyingi. Mwili wake ulikuwa umenyauka, ila mikono ilikuwa bado ya dereva, na alipozungumza habari ya kona yoyote ya Amani mikono hiyo ilikwenda yenyewe, inazungusha usukani usiokuwepo.

Gari la mdogo wangu halikuwa la kubebea chai. Lilikuwa la milango miwili, limelala chini, na injini kubwa mno ambayo nguvu zake zote zilikwenda magurudumu ya nyuma. Alikuwa amelinunua mwanzoni mwa kiangazi cha huko. Aliniambia amekaa kwenye baridi ile miaka yote hiyo akiwaogesha wazee wa watu, na alitaka awe na kitu kimoja cha raha. Picha yake ilipofika nilimwonyesha baba.

"Hili ni gari au kenge?" akauliza. Lakini aliishika simu muda mrefu, na aliponirudishia aliniomba nisiifute ile picha.

Baada ya Jumapili ile simu zikawa za kila siku mbili tatu. Mdogo wangu alikuwa akipiga akitoka kazini, jua letu likiwa linaelekea kuzama, na baba alikuwa keshaswali alasiri akakaa barazani anangoja. Mimi ndiye niliyeshika simu, kwa sababu vidole vya baba vilikuwa vikigusa kioo ovyo na kukata. Nilibonyeza spika, nikaiweka juu ya goti langu, nikasahihisha madaftari ya wanafunzi huku wao wanazungumza.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Theluji naifundisha kila mwaka, jinsi inavyofanyika na wapi inaanguka, kwa watoto ambao pamoja na mimi hawajapata kugusa barafu isipokuwa ile ya friji. Lakini kwenye mazungumzo yale ndipo nilipojifunza mambo yake. Mdogo wangu alieleza kwamba mpira wa tairi la kiangazi ukipigwa na baridi kali hukakamaa kama ubao, hata kashata zake, yale matuta ya mpira yanayoshika barabara, ziwe mpya namna gani. Tairi la baridi limetengenezwa na mpira laini, na kashata zake zimechanjwa michanjo midogo midogo inayouma theluji. Halafu yapo ya aina mbili. Moja lina misumari midogo ya chuma imechomoza kwenye mpira, kwa ajili ya barafu. La pili halina misumari, ni la kimya, na mwenye gari la kasi hulipenda hilo kwa sababu barabara ikiwa kavu linashika vizuri.

"Misumari," baba akasema papo hapo.

"Lakini baba, yale ya misumari yana kelele. Na gari hili ukilivalisha misumari unaliharibia mwendo."

"Unakwenda kushindana na nani?"

Mdogo wangu akacheka. Kicheko kile nilikuwa nimekisahau. Kilikuwa kicheko cha mama.

Siku nyingine walibishana juu ya upana. Baba alitaka matairi membamba. Alisema tairi jembamba hukata tope likafika chini kwenye ardhi ngumu, lakini tairi pana huelea juu, gari likabaki linacheza ngoma. Mdogo wangu akamjibu kwamba hata huko wapo wanaosema hivyo hivyo, ila rimu za gari lake zilikuwa na masharti yake. Za nyuma zilikuwa pana kuliko za mbele. Lilitoka kiwandani hivyo.

"Nyuma tofauti na mbele?" Baba aligeuka kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyelitengeneza. "Sasa spea unabeba ipi?"

"Halina spea, baba."

"Lahaula!"

Asubuhi ya pili yake alikwenda mwenyewe, na fimbo yake, mpaka gereji ya karibu na kwetu, akakaa siku nzima anapapasa matairi yaliyotupwa. Alirudi amechafuka mikono, amefurahi. Nilimsikia akiimba kidogo bafuni. Tangu mama afariki sikuwa nimemsikia akiimba. Nilimwandikia mdogo wangu nikamwambia, naye akanijibu kwa maneno machache: Dada, sikujua kama ningepata njia ya kuzungumza naye tena.

Wakakubaliana misumari. Mdogo wangu akaenda dukani kuagiza. Matairi ya nyuma, yale mapana, yalikuwepo, akafungiwa siku ile ile. Ya mbele hayakuwepo kwa saizi yake. Waliahidi yangefika baada ya wiki moja au zaidi kidogo. Hapakuwa na haraka, maana theluji ilikuwa haijaanguka na sheria ya huko inawataka watu wawe wameyafunga mwanzoni mwa Desemba.

Theluji ikaja kabla.

Alipiga simu akiwa amesimama nje, upepo unapuliza kwenye spika. Alisema usiku kucha imeanguka, mji mzima ni mweupe, na kituo cha basi kiko mbali na wale wazee anaowahudumia wametawanyika vijijini. Alikuwa amejaribu kulitoa gari kwenye maegesho, limepanda mlima mdogo wa pale bila taabu. Mwaka uliopita, alisema, magari ya namna ile yalikuwa yakikwama pale pale.

"Nyuma yanashika vizuri sana, baba. Mbele ndiyo bado yale ya kiangazi. Niendeshe hivi mpaka yafike, au nisubiri?"

Baba hakufikiri. Ndilo jambo ambalo baadaye alilirudia kwangu mara nyingi, kwamba hakufikiri hata kidogo. Alikuwa na jibu tayari tangu ujana wake.

"Gari lako linasukumwa na nyuma, si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Basi kazi iko nyuma. Sisi Amani minyororo tulifunga nyuma tu. Mbele hatukufunga kitu, na tulipanda, na mzigo juu. Mbele yanafuata. Wewe nenda, usikimbie."

"Haya, baba. Sitakimbia."

"Na ukifika kwenye kona, usiguse breki katikati ya kona."

"Haya."

"Mungu akulinde, mwanangu."

Mwanangu. Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi, nikaacha kusahihisha.

Kesho yake alitutumia picha ya gari limeegeshwa, theluji imelifunika kama kofia, na yeye amesimama pembeni amejifunga skafu mpaka puani, kidole gumba juu. Baba aliniomba niikuze ile picha aone gurudumu la nyuma. Misumari ilionekana, kama vichwa vya pini. "Safi," akasema. "Safi kabisa."

Habari ilinifikia shuleni. Nilikuwa darasani, na simu ilitetemeka mara nyingi mfululizo mpaka wanafunzi wakaanza kutazamana. Namba ilikuwa ya Sweden lakini si yake. Nilitoka nje kwenye korido. Aliyezungumza alikuwa rafiki yake, kijana wa Mombasa waliyekuwa wakifanya kazi pamoja. Nilikuwa namjua kwa sauti tu, maana mara nyingine alikuwa akitusalimu nyuma ya simu ya mdogo wangu.

"Dada," alisema, "uko na mtu hapo karibu?"

Nilimwambia niko na watu. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Korido ilikuwa tupu.

Mdogo wangu alikuwa amekufa kwa ajali alfajiri ya huko, akielekea kwa mzee wake wa kwanza.

Mwalimu mwenzangu alinisindikiza nyumbani. Baba alikuwa uani anamwagilia mchicha. Aliponiona nimerudi saa ile, na mtu kanishika mkono, aliweka kopo chini, akangoja. Nilimwambia. Alisema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akaketi palepale kwenye udongo uliolowa.

Kumleta nyumbani kulishindikana, na Waislamu wa mji ule walisema heri azikwe mapema. Yule rafiki yake alishika simu ili tuone. Nyumba ilikuwa imejaa, wanawake ndani, wanaume barazani na chini ya turubai barabarani. Simu waliiegemeza kwenye birika mbele ya baba. Tuliona miti myeusi na weupe mtupu, na watu wachache wamevaa makoti makubwa, na udongo uliochimbwa kwa mashine, kwa sababu ardhi ilikuwa imeganda. Imamu alikuwa akitoa moshi mdomoni kila anapotamka. Halafu picha ikakwama jeneza likiwa linashushwa, ikabaki imekwama, na baba akawa anasema, "Mbona hawamshushi? Mbona hawamshushi?" Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza kwamba ni mtandao.

Watu walifarijiana kama wanavyofarijiana watu. Walisema siku yake ilifika. Walisema wa huku na wa huko wote njia moja. Baba aliwaitikia mmoja mmoja, akawashukuru kwa kuja. Tulisoma khitma, watu wakala, wakaondoka, turubai likashushwa.

Rafiki yake alipiga tena siku chache baadaye. Nilikuwa barazani na baba. Kwa mazoea ya majuma yale, kidole changu kikabonyeza spika, simu nikaiweka juu ya goti. Alitupa pole tena, akasema vitu vya marehemu amevikusanya, nguo na picha, atatafuta mtu wa kuvileta. Nikamwuliza nilichokuwa naogopa kuuliza. Ilikuwaje?

Akaeleza vizuri, taratibu, kama mtu ambaye naye alihitaji kulisema. Alikuwa amekwenda mwenyewe kupaona pale pa ajali. Ilikuwa kona ya kawaida, si kali, inayoshuka kidogo kabla ya ziwa. Mwendo wa gari haukuwa wa kasi, hata polisi walisema. Walikuta usukani umekatwa wote kushoto, na magurudumu ya mbele yameangalia kushoto, lakini alama kwenye theluji zilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye miti.

"Mbele hayakushika, dada. Yale matairi ya kiangazi yalikuwa kama mawe. Nyuma yale mapya yanasukuma, mbele hayageuki. Fundi wa kule dukani alimwambia usitembelee mawili tu mapya, ni heri hata yote manne yawe mabaya, maana hapo hutaweza kutoka hata nyumbani. Na sisi kazini tulimwambia aje kwa basi. Akasema ameshauriwa na mtu anayejua."

Nilikuwa nimeshaichukua simu kutoka gotini. Nilikuwa natafuta mahali pa kuzima spika na sikupaona, kioo kilikuwa kimelowa mikononi mwangu. Nilipofanikiwa alikuwa amemaliza.

Baba alikuwa akitazama barabarani. Alipita muuza kahawa, akagonga vikombe vyake, baba akamwinulia mkono kumkatalia kwa adabu. Kisha akasema, "Nimesikia."

"Baba, yule hajui—"

"Nimesikia, mama. Amesema vizuri. Ameeleza vizuri."

Usiku ule hakula. Wala siku ya pili. Nilimpikia uji, akashika kikombe mpaka ukapoa. Nilimwambia ajali zinatokea hata kwa wenye matairi manne mapya. Nilimwambia mtoto wake alikuwa mtu mzima na aliamua mwenyewe. Shehe wa msikiti wetu alikuja akakaa naye, akamweleza habari ya kadari kwa upole mkubwa, na baba alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Nakubali, shehe. Siku yake iliandikwa. Lakini yeye aliniuliza aende au asubiri. Na mimi nikasema nenda."

Shehe akaomba dua, akaondoka.

Mimi ndiyo kazi yangu kueleza mambo, na nilijua la kumweleza, ila halikuwa la kumsaidia mtu. Lori la baba lilikuwa likipanda Amani polepole kuliko mtu anavyotembea, limelemewa, na tope likilishika kutoka pande zote. Halikuwa na haja ya kushikwa mbele. Minyororo ya nyuma ilitosha kweli. Alichomwambia mwanawe hakikuwa uongo wala upumbavu. Kilikuwa cha kweli mahali pengine. Siku moja nilijaribu kumwambia hivyo. Alinisikiliza, akauliza, "Kwa hiyo nilikuwa sijui."

"Si hivyo, baba."

"Ndivyo. Ningesema sijui. Mbona ni neno fupi tu."



Halafu Desemba ikaingia, na yule rafiki akanitumia ujumbe. Duka lilikuwa limepiga simu ya marehemu. Matairi ya mbele yamefika. Aliuliza tunataka afanye nini nayo. Niliusoma nikiwa sokoni Ngamiani, nimeshika fungu la mbaazi, na yule mama muuzaji akaniuliza kama naumwa. Nilimjibu kijana awape wenye duka, wawape wanaoyataka. Baba sikumwambia.

Nilifikiri muda ungefanya kazi yake. Haukufanya. Baba hakulia, hakugombana na mtu, hakuugua ugonjwa wenye jina. Aliacha tu. Aliacha mchicha ukafa. Jirani mmoja alikuja kumwomba akasikilize mlio wa gari lake la mizigo, kama alivyozoea kumwomba, na baba akamwambia kwa heshima, "Mpelekee fundi, mwanangu. Mimi gari silijui." Jirani alicheka akidhani ni utani. Baba akaingia ndani.

Simu ikilia alikuwa anatoka barazani. Hata ingekuwa ya shule, hata ya mtu aliyekosea namba. Nikaanza kuiacha chumbani, imefunikwa mto.

Mvua za masika zilipokaribia aliniambia anataka kwenda Maramba, kwa dada yake mdogo, ambaye ana shamba la mahindi na minazi michache. Nilimsihi. Nilimwambia nitabaki na nani katika nyumba hii. Alinishika kichwa kama alivyonishika nilipokuwa mdogo, akasema, "Nikikutazama wewe, nakiona kile kiti na ile simu. Si kosa lako. Lakini nakiona." Nikamfungia nguo zake kwenye begi la mdogo wangu la shule, kwa kuwa ndilo lililokuwepo.

Nakwenda kumwona Jumamosi ninapopata nafasi. Shangazi anasema anaamka mapema, analima hata sehemu ambazo haziwezi kulimika, na hazungumzi. Mara ya mwisho nilimkuta kichuguuni nyuma ya nyumba, amepumzika na jembe. Nikampa shikamoo. Akaitika. Akaniuliza kama nimekula, nikasema nimekula, ingawa nilikuwa sijala. Tukakaa. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima nimwambie kwamba majuma yale ya matairi yalikuwa majuma mazuri kabisa ya maisha ya mwanawe, kwamba aliniandikia hivyo, kwamba ninao ujumbe wenyewe. Nilifungua mdomo.

"Mama," baba akasema bila kunitazama, "usinieleze kitu."

Shangazi akatuita kutoka uani, mawingu yalikuwa yameziba upande wa milimani na mahindi aliyoyaanika yalikuwa bado yametandazwa kwenye mkeka. Tuliinuka, baba akashika ncha moja na mimi nyingine, tukayaingiza ndani.